Hoja ya Mama Deo Iliyokosa wa Kuiunga Mkono

Siku mliyoniaga kustaafu mlinipa vitenge, saa ya ukutani na kiti cha kuegemea. Ujumbe wa kiti niliuelewa, nimekaa. Lakini kabla sijafika getini wawili wenu mlinifuata, mkaniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukichukua kumbukumbu za vikao kabla ya vinasa sauti, maana mnaona ajabu mtu kuandika maneno ya madiwani kwa mkono na kuyapata yote. Nimeona niandike sasa, wakati vidole bado vinanisikiliza. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vimo kwenye faili langu, na hakuna atakayelia akivisoma.

Nilifika pale ofisini Temeke nikitoka chuo cha uhazili, nimevaa sketi ya kitambaa kizito kisichoendana na joto la mji huu, cheti cha hati mkato kimo kwenye bahasha. Hati mkato ni zile alama fupi fupi zinazofuata sauti ya neno. Asiyeijua akiiona anadhani kuku amepita juu ya karatasi. Nilikuwa na spidi nzuri, na nilikuwa najua kwamba ninayo. Alinipokea Bi. Eufrazia, mwanamke mrefu wa Bukoba, miwani imefungwa uzi shingoni, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Deo kwa jina la mwanawe wa pekee. Aliitazama mikono yangu kwanza, kisha cheti, kisha uso. Akaniuliza kama ninaweza kukaa kikaoni tangu asubuhi hadi alasiri bila kucheka. Nikadhani ananitania, nikacheka. Akasema basi tutaanzia hapo.

Alinifundisha kwamba mwandishi wa kikao yumo chumbani lakini hayumo kikaoni. Hacheki, haguni, hatikisi kichwa, hapigi kura na haungi mkono hoja ya mtu yeyote, hata kama hoja inamgusa mpaka mifupani. Kinywa chake kinafunguka pale tu mwenyekiti anapouliza nini kilisemwa. Kazi yake ni kuandika alichosema mtu, si alichotaka kusema, wala si ambacho angesema kama angekuwa amesoma. Nililiona jambo jepesi. Ni jambo gumu kuliko spidi.

Kikao changu cha kwanza kilikuwa cha kamati ya leseni za vileo. Alisimama bibi mmoja muuza mnazi, akaomba asifungiwe kilabu chake, akasema wateja wake wamezeeka naye na akifunga watakwenda wapi. Mie nikaandika kwamba mwombaji ana uzoefu wa muda mrefu na wateja wa kudumu. Mama Deo aliisoma, akavua miwani, akaniuliza huyu mwombaji mwenye uzoefu alikaa kiti gani, maana yeye hakumwona. Nikaichapa upya stensili nzima. Nyie hamzijui stensili, na Mungu awaepushe nazo. Ukikosea herufi unapaka dawa inayonuka kama rangi ya kucha, unapuliza, unasubiri ikauke, unapiga tena, na mashine ya kudurufu inakupaka wino mpaka kwenye viwiko. Bibi wa mnazi alirudi kwenye karatasi na maneno yake, na wajumbe walipoyasoma hawakumfungia.

Nyumbani kulikuwa na kikao kingine. Baba yangu alikuwa mwenyeji wa Mtoni, mwadhini wa msikiti wa mtaani kwetu, na habari kwamba binti yake anashinda kwenye vikao vya pombe zilimfika kabla sijazipeleka mwenyewe. Hakugomba. Alinyamaza siku kadhaa, jambo ambalo kwa baba lilikuwa zito kuliko kugomba. Kisha akaniuliza kama ninaionja. Nikamjibu kwamba ninaiandika tu. Akafikiri sana, akasema basi iandike, lakini isilale nyumbani kwake. Ndiyo maana mie, tofauti na nyie mnaobeba kompyuta mapajani, sikuwahi kubeba kazi nyumbani, hata baada ya baba kufariki.

Sasa niwaeleze jambo ambalo naona mnalipitia haraka siku hizi. Kumbukumbu za kikao, hata ziwe safi kiasi gani, si kumbukumbu mpaka kikao kinachofuata kizithibitishe. Mwenyekiti anauliza kama kuna marekebisho. Karatasi zinafunuliwa, mmoja anasema jina lake limekosewa, mwingine anasema alihudhuria lakini hayumo. Yakiisha hayo, mtu aliyekuwepo kikao kile anasema anathibitisha, na mwingine aliyekuwepo naye anasema anaunga mkono. Hapo tu ndipo yale maneno yanakuwa yamesemwa. Kabla ya hapo ni karatasi yenye wino.

Kulikuwa na diwani mmoja ambaye kikao kimoja alimwita mwenzake mwizi wa viwanja. Kikao kilichofuata, kwa kuwa walikuwa wameshapatana, akataka isomeke kwamba alimshauri. Mwenyekiti akamgeukia Mama Deo kwenye kona yetu akamuuliza kilisemwa nini. Akajibu, "Mheshimiwa Mwenyekiti, alisema mwizi. Tunasahihisha makosa ya mwandishi, hatusahihishi msemaji. Kama leo ana neno lingine, alitamke leo, tutaliandika kwa leo." Diwani akakaa. Mie nikauangalia ukuta kwa nguvu zangu zote, maana nilikuwa bado sijahitimu kutocheka.

Miaka ilivyokwenda nilianza kuwatambua wanawake wa gongo, wapikaji wa ile pombe kali ya kienyeji. Walikuja kwenye kamati kutoka Yombo, Mbagala na Buza, wajane wengi wao, wamevaa nguo za kanisani, kuomba leseni ambayo haipo. Walijua haipo. Walikuja kwa sababu wenye baa walikuwa wanapata, wenye vilabu vya mnazi na komoni walikuwa wanapata, na wao walichokuwa wakipata ni kukimbizwa na mgambo huku mapipa yanapinduliwa mtaroni. Mwenyekiti aliwaambia kwa upole kwamba kitu kilichokatazwa na sheria ya nchi hakiwezi kupewa leseni na kamati. Yote hayo yaliingia chini kabisa ya karatasi, kwenye mengineyo: mwombaji alielezwa.

Mama Deo wakati huo hakuwa na huruma na gongo. Kwao walikunywa lubisi ya ndizi, na alikuwa akisema gongo ni kinywaji cha watu wasiokuwa na subira. Mumewe, mwalimu wa historia, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akibishana naye. Alimwambia ukikipiga kitu marufuku hakiondoki, kinahamia uani. Mama Deo alinisimulia mabishano hayo tukichapa, kwa sauti ya mtu ambaye ameshinda.

Taipureta zikaondoka, kompyuta zikaja, Mama Deo akastaafu. Alijenga nyumba ndogo Kibada, Kigamboni, mumewe akiwa ameshafariki, akakaa na Deo, ambaye alikuwa karani kwenye yadi ya makontena Kurasini. Kila asubuhi Deo alivuka kwa kivuko na kila jioni akarudi. Mie nikarithi kiti cha mama yake pale konani, na nilipomtembelea alinihoji kwanza kuhusu vikao, ndipo akaniuliza habari za watoto wangu.

Kisha ikaja ile asubuhi. Nilielezwa na Mama Deo mwenyewe. Jua lilikuwa limeshapanda, yeye yuko jikoni anachambua maharage, Deo anamwita chumbani na kumuuliza mbona leo madirisha hayajafunguliwa. Madirisha yalikuwa wazi. Jua lilikuwa limempiga usoni.

Siku mbili kabla Deo na wenzake wa yadini walikuwa wamekunywa gongo iliyokuwa imechanganywa na spiriti ya kiwandani. Wenzake wawili walifariki. Kesho yake macho yake yalianza na ukungu, na dawa ya kuyaokoa ipo, lakini inataka mtu awahi. Deo hakuwahi. Alishinda ndani amejifunika shuka, akimwambia mama yake ni malaria, kwa sababu aliogopa kwamba akifika hospitali ataulizwa ameinywea wapi, na polisi watakuja, na kazi itakwenda. Alipokubali kupelekwa, daktari alisema maneno machache tu. Mama Deo aliniambia kwamba mwanawe hakuwa mnywaji. Alisema ilikuwa siku moja, wenzake walimshawishi. Nami nilimwamini, maana alikuwa mtu wa kusema kilichokuwepo.

Baada ya hapo alivifungua vitabu vya mumewe. Nilimkuta akisoma kwa lenzi, mwanawe ameketi kando anasikiliza redio. Alikuwa anatafuta yale mabishano aliyodhani ameshinda. Aliyapata. Akanisomea jinsi Wamarekani walivyoipiga pombe marufuku nchi nzima, wakaiandika marufuku hiyo ndani ya Katiba yenyewe ili isiguswe, na jinsi watu walivyopofuka na kufa kwa pombe za kificho, mpaka wakaifungua Katiba ileile na kuyafuta maneno yao wenyewe. Alifunga kitabu. Akasema mwalimu alikuwa sahihi, na kwamba ilifaa amwambie akiwa hai.

Ndipo ukaja wakati wa kukusanya maoni ya wananchi kuhusu Katiba mpya. Nyie wengine mlikuwa shuleni. Katani kwao, Kigamboni ikiwa bado chini ya Temeke, uliitishwa mkutano kwenye uwanja wa shule, chini ya maturubai, na mie nikapelekwa kuandika. Watu walisema ya ardhi, ya Muungano, ya umri wa wagombea, na mzee mmoja alitaka Katiba iwazuie wajukuu kulala mpaka saa nne. Kisha nikamwona Mama Deo akisimama safu ya nyuma. Alikuwa amemshika Deo mkono. Akaja naye mpaka kwenye kipaza sauti, na hakunitazama, kwa sababu alijua kanuni.

Alisema, "Naitwa Eufrazia, mkazi wa Kibada, mstaafu. Huyu ni mwanangu Deogratias. Alikunywa gongo siku moja tu katika maisha yake, akapofuka. Gongo ilimuumiza, lakini kilichompofua ni kujificha. Aliogopa hospitali kwa sababu alichokunywa ni marufuku. Naomba Katiba iseme hakuna kinywaji kitakachopigwa marufuku nchi nzima. Kipikwe mahali panapojulikana, kipimwe, na mpikaji awe na jina."

Kulikuwa na vicheko nyuma. Mtu akasema bibi ana kiu. Mwenyekiti wa mkutano, kijana mpole, hakuwa na ubaya wowote, alimwambia, "Mama yangu, hilo si la Katiba. Hilo ni la sheria tu za kawaida." Akamjibu kwamba Wamarekani waliliweka kwenye Katiba na wakalitoa kwenye Katiba, kwa hiyo wako watu waliowahi kuliona la Katiba. Mwenyekiti akatabasamu. Akauliza kama yupo anayeunga mkono.

Hakuna aliyeunga mkono. Wale wanawake wa gongo walikuwepo, niliwatambua wawili, wameinamisha vichwa. Kuunga mkono kungekuwa kujitaja mbele ya mgambo. Wanaume walitazama viatu. Deo alikuwa ameinamisha uso wake wakati wote. Na mie nilikuwa na kalamu. Niliandika kila neno, na nilipofika "hakuna aliyeunga mkono" niliandika hilo nalo. Mama Deo akamgeuza mwanawe taratibu, wakarudi safu ya nyuma.

Ofisini nilichapa yote kama yalivyosemwa. Lakini muhtasari uliotakiwa kwenda mbele ulikuwa mfupi, mkutano wa siku nzima kwenye kurasa chache, na wakubwa walioufupisha walifanya kazi yao. Umri wa wagombea ulipata aya. Ya Mama Deo yakawa mstari mmoja: baadhi ya wananchi walizungumzia suala la vileo. Na kwa kuwa ulikuwa mkutano wa maoni, haukuwa na kikao cha pili cha kuusoma na kuuthibitisha. Rasimu yenyewe ya Katiba ikaja, ikaenda, na mnajua ilipokaa.

Kuanzia hapo kila nilipovuka kwenda kumwona alikuwa na swali moja. Hakuuliza kama sheria itabadilishwa, alikuwa mtu mzima, alijua nchi inavyokwenda. Aliniita kwa jina langu, akauliza, "Hawa, kile kikao chetu kimethibitishwa?" Nikamjibu bado. Akasema, "Basi bado sijasema." Nilidhani baada ya mwaka ataacha. Hakuacha. Daraja likafunguliwa nikawa nafika kwake kwa gari badala ya kivuko, wilaya ikagawanywa, ofisi ikapakwa rangi nyingine, vijana mkaja na vinasa sauti vyenu, na swali likabaki lilelile. Alipoanza kuumwa aliliuliza kwa sauti ndogo. Mara ya mwisho hakuwa na nguvu ya kulimaliza, alisema tu "kile kikao," nami nikamshika mkono nikamwambia bado, Mama Deo. Ningeweza kumdanganya. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha kazi.

Alifariki mwaka huu, muda mfupi baada ya nyie kunipa kile kiti. Ndugu walitaka kumsafirisha Bukoba, lakini alikuwa ameacha neno kwamba azikwe hapa hapa Kigamboni, kwa sababu Deo asingeweza kufunga safari ndefu vile kila anapotaka kukaa na kaburi lake. Nililia msibani mpaka wanangu wakaona haya. Walipoanua matanga, viti vya kukodi vikarudishwa na turubai likafunguliwa, nilibaki kidogo kumsaidia Deo. Ilikuwa asubuhi. Tulikaa sebuleni, yeye kwenye kochi la mama yake.

Akaniambia, "Mamdogo, mama alikuwaga anakuuliza kile kikao. Mpaka leo bado?"

Nikamwambia bado, na hakitathibitishwa tena na mtu yeyote, maana hakuna ofisi inayokitafuta. Kisha akaniuliza kama ninayakumbuka maneno yenyewe. Nilikuwa nimeyaandika kwa hati mkato na kuyachapa, na kuyabeba miaka yote hiyo; kati ya vikao vyote nilivyoandika, hicho ndicho pekee kilichowahi kulala nyumbani kwangu, na kililala kichwani. Nikakaa wima kama tulivyokuwa tukikaa, nikamsomea bila karatasi. Naitwa Eufrazia, mkazi wa Kibada, mstaafu. Huyu ni mwanangu Deogratias. Alikunywa gongo siku moja tu katika maisha yake.

Deo akanyoosha mkono, kama mjumbe.

"Hapo, mamdogo. Pana marekebisho. Haikuwa siku moja. Mie nilikuwa nakunywa kila siku, tangu baba afariki. Mama alikuwa anajua. Alikuwa ananinunulia maziwa asubuhi ili nisinuke kazini. Hata mlevi hakutakiwa kupofuka, mamdogo, ndiyo nilitaka aseme. Pale uwanjani nilitaka kuushika mkono wake nimkatishe."

Nilimwona mama yake mbele ya kipaza sauti, mwanamke aliyemrudisha diwani kwenye kiti kwa ajili ya neno moja, akitamka neno lisilo kweli mbele ya watu, na mbele yangu, akijua kwamba nitaliandika. Alihisi kwamba wale waliocheka wasingemsikiliza mama wa mlevi. Nilimpenda pale kuliko nilivyompenda akiwa hai.

Nikamwambia Deo ambacho angeambiwa na mama yake. "Mwanangu, alisema siku moja, nami nimeandika alichosema. Tunasahihisha makosa ya mwandishi, hatusahihishi msemaji. Lakini kama wewe una lako, liseme leo, nitaliandika kwa leo."

Alifikiri, uso ameuelekeza dirishani, jua linampiga. Nikasubiri, maana kusubiri nako ni kazi yetu.

"Sina," akasema. "Iache kama alivyosema mama. Endelea."

Nikaendelea mpaka mwisho, mpaka mpikaji awe na jina, mpaka Wamarekani, mpaka hakuna aliyeunga mkono. Nilipomaliza Deo akajiweka sawa kwenye kochi, akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Mie nilikuwepo kikao kile," akasema. "Nathibitisha."

Nikatambua kwamba kikao kinasubiri mtu wa pili, na kwamba katika nyumba ile hakuna mtu mwingine aliyekuwepo uwanjani siku ile isipokuwa mwandishi. Kazi yangu yote sikuwahi kufungua kinywa kwa ajili ya hoja ya mtu. Lakini mlishaniaga, vijana wangu, na saa mliyonipa iko ukutani kwangu inagonga.

Nikasema, "Naunga mkono."